Mbwana wa Njura

Nimefundisha watoto wa watu Kiswahili maisha yangu yote, lakini mume wangu alinishinda kwa neno moja. Njura alikuwa mwimbaji wa besi katika kundi la wanaume wanne wa kanisa letu la Kanja, na sauti yake ilitikisa vioo vya madirisha. Shida ilikuwa ulimi. Sisi Waembu, b yetu haipendi kutoka bila m kuitangulia, kwa hiyo Njura kila alipomwita Mungu wake alimwita Mbwana. Fikiria aibu yangu kila Jumapili!

"Sema Bwana," nilimwambia tukichambua maharagwe.

"Si ndio hiyo nasema, Mama Runji? Mbwana."

Miaka ya sabini kundi likaitwa Nairobi kurekodi wimbo wa redio, na kila ubeti wa wimbo huo ulianza na neno lile lile. Fundi wa mitambo alisikiliza kidogo, akacheka, akasema mwenye besi abaki nje. Njura alikuwa ameimba na wenzake tangu ujana wao. Mbogo, kiongozi wao, ndiye aliyemtetea: "Wacha huyu avume tu, mdomo ukiwa umefungwa. Hatatamka kitu."

Njura alirudi nyumbani akakataa chakula.

"Nimeenda mpaka Nairobi kunyamaza," akasema. Nilimhurumia sana, tena nikamchukia fundi yule nisiyemjua.

Siku ya wimbo kuchezwa, majirani walijaa sebuleni. Besi ya mume wangu ikatangulia, nzito, "Mmm...", kisha wale watatu wakadakia, "Bwana!" Tukatazamana. Ubeti wa pili, vile vile: "Mmm-Bwana!" Njura alicheka mpaka akamwaga chai.

"Mkataa kwao ni mtumwa," akasema. "Sasa wote ni Waembu."

Wimbo ule uliwapeleka mbali. Waliimba harusini, kwenye mikutano ya injili, hadi Timau kwenye baridi ya mashamba ya ngano, na kila mahali watu waliitikia Mbwana, hata wenye ndimi laini. Mimi niliendelea kuimba Bwana peke yangu, kwa ukaidi.

Mwaka jana tulimzika Mbogo, wa mwisho wa wale watatu. Njura aliombwa kuimba. Akasimama kando ya kaburi na fimbo yake, akavuma, "Mmm...", akangoja. Waliozoea kudakia wote walikuwa wameshalala. Watu walidhani amesahau maneno. Akavuma tena, akangoja vile vile. Mume wangu huyo, ningemwachaje?

Nikasimama, mwalimu mzima, nikapaza sauti yangu mbovu:

"Mbwana!"

Njura akageuka, macho yamejaa machozi, akaninong'oneza, "Sema Bwana, Mwalimu." Kisha akashika mkono wangu, akavuma ubeti wa pili.