Uzi Mwembamba

Duka la fundi cherehani lilifunguliwa mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza mlango ulifunguliwa nusu tu, pazia likiwa bado chini, na walioingia hapo hawakuja kupimwa suruali. Mara ya pili ndiyo ilikuwa ya wateja. Katikati kulikuwa na chai, porojo na muziki wa watu wanne ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipwa kwa kupiga gitaa, na ukiwasikiliza unaona kabisa kwamba hawakudhulumiwa.

Fundi mwenyewe aliitwa Shemeji na kila mtu, kwa sababu mmoja wao alikuwa shemeji yake kweli na wengine wakaona wasiachwe nyuma. Huyo wa kweli alikuwa seremala, kaka wa mke wa fundi, mtu wa mabega mapana na vumbi la mbao kwenye kope. Wa tatu alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Walimwita Dada, na alipitia hapo akitoka kazini kabla ya kwenda kulala. Wa nne alikuwa mstaafu wa posta, jina lake likabaki Posta, na maneno yake nayo yalichelewa njiani lakini hayakupotea. Yeye alipiga besi.

Kabla ya jambo lolote, hata chai, kila mmoja alimkabidhi seremala gitaa lake. Seremala aliinamisha kichwa, akagusa uzi mmoja mmoja, akazungusha ufunguo, akasikiliza, akazungusha tena kidogo, kisha akalirudisha gitaa kwa mwenyewe bila kusema neno, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekurudishia mtoto wako akiwa ameogeshwa. Walimwita Sikio, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Tangu waanze kukutana, hakuna mwingine aliyepatanisha nyuzi humo ndani.

Dada aliwahi kuleta kidude cha kupimia sauti, kile kinachobanwa kwenye kichwa cha gitaa; uzi ukiwa sawa kinawaka kijani, ukikosea kinawaka chekundu. Seremala alikipokea kwa ncha za vidole viwili.

"Sikio halina betri," alisema. "Kitie kwenye droo, Dada, kisije kikatuharibia watu."

Kikaingia kwenye droo ya vifungo, na hadithi yake ikaishia hapo, au ndivyo seremala alivyoamini.

Asubuhi moja walikuwa wamekaa kama kawaida, magitaa tayari yameshapita mikononi mwake, Dada akijikanda miguu.

"Hebu niwaulize," Dada alisema. "Mtu aliyelala hajitambui, muziki unamfikia?"

"Umeshaanza," Shemeji akasema. "Hata chai hatujaonja."

"Kuna bibi mmoja wodini. Hafumbui macho, hajibu kitu. Usiku nilikuwa nampangusa huku naimba kwa chinichini, nikaona kidole chake kinapigapiga shuka. Nikinyamaza, nacho kinanyamaza."

Posta alifikiri mpaka chai yake ikaacha kutoa moshi. "Ulikuwa unaimba… wimbo gani?"

"Huu wetu wa kuanzia."

"Basi alikuwa anakuomba uache," Shemeji akasema, na wote wakacheka, Dada zaidi ya wote.

Seremala alicheka pia, lakini jambo lilikuwa limemgusa. "Mimi naamini unamfikia," alisema. "Vitu vingine vyote vinachukuliwa, muziki unabaki. Mimi siku mkinizika msinisomee wasifu. Nipigieni tu, na mpige sawasawa. Mkikosea nitainuka niwarekebishe."

Wale watatu wakatazamana. Ulikuwa mtazamo mfupi, na seremala aliuchukua kuwa ni wa heshima.

"Na kazi, Kaka, inakwendaje?" Dada akamuuliza. Siku hizi alikuwa akikaa upande wake wa kulia, karibu kabisa, na kumsemesha akimtazama usoni.

"Namshukuru Mungu. Ile mashine yangu ya kupasulia mbao, mnakumbuka ilivyokuwa inapiga kelele? Siku hizi imetulia yenyewe. Kumbe hata chombo kikizeeka kinapata adabu."

Shemeji aliinuka kumimina chai, ingawa vikombe vyote vilikuwa vimejaa.

Kisha wakapiga. Zamani Dada alikuwa akifumba macho tangu mdundo wa kwanza na hakuyafumbua mpaka wimbo uishe. Sasa aliyaacha wazi, ameyaelekeza sakafuni kama mtu anayetafuta sindano. Seremala alikuwa ameshaliona hilo kwa muda mrefu na akaliwekea sababu yake: zamu za usiku zinammaliza yule binti. Alishamshauri hata aombe kuhamishiwa mchana. Walipomaliza, seremala akaaga, akaliegemeza gitaa lake kwenye kona yake ya kila siku, akatoka.

Hakufika mbali. Kufika kwenye duka la vioo akajipapasa kifuani na kukumbuka kwamba miwani yake ameiacha juu ya meza ya kukatia nguo. Akarudi. Pazia halikufika chini kabisa, na kati ya magauni mawili yaliyotundikwa dirishani palikuwa na nafasi ya kuona ndani.

Aliona taa ya kijani.

Posta alikuwa amekishika kile kidude. Dada alikuwa na gitaa mapajani na anazungusha ufunguo, ufunguo mmoja tu, wa ule uzi mwembamba wa kwanza. Taa ikawaka nyekundu, ikawaka tena, kisha ikatulia kijani. Kidude kikahamia kwa Shemeji, na Shemeji naye akazungusha ufunguo uleule. Hawakuwa wakicheka. Walifanya kazi ile haraka na kwa kimya, kama watu wanaokunja mashuka, na ilionekana wazi kwamba haikuwa mara yao ya kwanza. Halafu wakaanza kupiga, na Dada akafumba macho.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na pale nguo zilikuwa kila upande. Seremala aliondoka bila miwani. Hasira ilimbeba hadi karakana bila yeye kujua alipita njia gani. Watu aliowapatanishia nyuzi miaka yote hiyo, mmoja wao amemwoa dada yake, kumbe wanamchekea usoni na kuifuta kazi yake akigeuza kisogo. Alijiambia hivyo mara nyingi, kwa sababu alipoacha kujiambia lilikuja swali jingine: kwa nini uzi ule mmoja tu?

Aliwasha mashine ya kupasulia mbao. Sauti yake ilimjia kwa mbali, ya upole, kama ilivyokuwa siku hizi. Akaweka kiganja juu ya bati lake. Mtetemo ulimpanda hadi kiwikoni, uleule wa zamani, haukupungua hata kidogo. Akainua macho. Ng'ambo ya barabara, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amesimama mlangoni kwake, uso umekunjamana, vidole viwili vimetiwa masikioni.

Mashine haikuwa imepata adabu yoyote. Seremala aliizima, akakaa juu ya rundo la mbao, akaogopa. Aliogopa kuliko siku msumeno ulipomchukua ncha ya kidole, maana kidole kilikuwa kimoja katika kumi, na hakuna aliyemwita kwa jina la kidole.

Jioni alimuuliza mkewe, wakiwa jikoni, bila kuzunguka. "Mama Pacha, mimi sisikii vizuri?"

Mama Pacha aliendelea kumenya vitunguu. "Nilikwambia mwaka juzi ukapimwe. Ukaniambia mimi ndiye ninayenong'ona."

"Ulikuwa unanong'ona."

"Redio ya nyumba hii jirani anaisikiliza bure, baba, hana haja ya kununua ya kwake."

"Kwa hiyo hata wewe ulijua. Na ukakaa kimya."

"Sikukaa kimya. Nilisema, hukusikia." Akaweka kisu chini, akapangusa mikono, akamshika shavu kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu, na seremala akaona kwamba mkewe hakuwa akitania. "Tena naona uchungu, usidhani sioni. Ulikuwa ukisikia funguo zangu tangu kwenye kona."

Asubuhi iliyofuata hakwenda. Alikaa sebuleni akajidai anasubiri fundi wa bomba ambaye hakuitwa na mtu. Iliyofuata pia hakwenda. Hapo Mama Pacha akamletea viatu.

"Nyumba hii asubuhi ni yangu," alisema. "Ugomvi wako uko dukani kwa shemeji yako. Nenda kagombane huko."

Akaenda. Walikuwa wamekaa, chai haijamiminwa, magitaa yote matatu yamelazwa juu ya meza ya kukatia nguo yakimsubiri, na miwani yake kando. Shemeji alianza kusema karibu, seremala akamkatiza kwa mkono.

"Kidude kiko wapi?"

Hakuna aliyeuliza kidude gani. Shemeji akafungua droo ya vifungo.

"Niliwaona," seremala alisema. "Nilirudi kuchukua miwani. Kumbe mimi mnanichezea kama mtoto, nikigeuka tu mnacheka."

"Kaka, hatukucheka," Dada alisema.

"Nani aligundua?"

"Mimi. Kazini naona wengi wanaofanya kazi na mashine, masikio yao huanza hivyo, sauti nyembamba ndizo zinaondoka mwanzo. Ule uzi wa kwanza huusikii vizuri, kwa hiyo unaukaza, unaukaza, unatafuta mlio wake. Nilitaka kukwambia."

"Mkashindwa watu watatu."

"Nani amfunge paka kengele?" Shemeji akasema. "Mimi nilisema aseme Dada kwa kuwa ni mtu wa hospitali. Dada akasema niseme mimi kwa kuwa ni ndugu. Posta tungemwachia, tungekuwa tunasubiri mpaka leo."

Seremala hakucheka. "Basi lipo jambo silielewi. Kama mlijua nimekosea, kwa nini msirekebishe mwanzoni, nikishawarudishia? Mngegeuka kidogo tu, nisingeona. Kwa nini mpige na mimi asubuhi nzima, halafu nikitoka ndipo mrekebishe?"

Dada alimtazama Shemeji, Shemeji akatazama cherehani yake. Aliyejibu ni Posta, na alichukua muda wake.

"Na gitaa lako… nani angelirekebisha?"

Seremala alimtazama bila kuelewa.

"Ukishapatanisha yetu… unapatanisha lako," Posta akasema. "Kwa sikio hilohilo. Tungerekebisha sisi watatu, ungebaki wewe peke yako ndiye unayekosea. Kila wimbo… kila siku. Mtu yeyote angepita hapo nje angesikia ni nani." Akavuta pumzi. "Tukikosea wote sawasawa, hapo hakuna aliyekosea."

"Mwaka mzima?"

"Unaelekea wa pili," Posta akasema. "Mtu hampigii mwenzake gitaa bovu muda wote huo ili amcheke. Ingekuwa… kazi kubwa mno kwa kicheko." Halafu akaongeza, "Besi langu halina uzi mwembamba. Mimi sikukosea hata siku moja. Nilikuwa mwongo tu."

Hapo Shemeji akacheka, akajuta, akafunika mdomo. Seremala alivuta kiti akakaa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, ameyapanga njiani moja baada ya jingine, na sasa hakulikumbuka hata moja. Alichokumbuka ni Dada na macho yake sakafuni, asubuhi baada ya asubuhi, akitoka kusafisha vidonda usiku kucha na kuja kukaa saa nzima ndani ya mlio unaomkera, kisha kuiba wimbo mmoja ulio sawa kabla hajakwenda kulala. Na yeye akamshauri abadilishe zamu.

Alinyoosha mkono, Shemeji akampa kidude. Akaenda kwenye kona, akalichukua gitaa lake, akakibana kidude kwenye kichwa cha gitaa na kuvaa miwani. Akagusa uzi wa kwanza. Kwake yeye ulilia vizuri, mzuri kabisa, pale ulipopaswa kuwa. Taa ikawaka nyekundu.

Akalegeza kidogo. Nyekundu. Akalegeza tena, na tena, na kadiri alivyolegeza ndivyo mlio ulivyozidi kuharibika, mpaka ukawa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na hapo ndipo taa ikawaka kijani na kutulia.

Mkono wake ulirudi kwenye ufunguo wenyewe bila kutumwa. Miaka yote mkono ule ulikuwa haujui kuacha uzi katika hali kama ile. Aliwatazama wenzake, akaona wanautazama mkono. Akautoa.

Kisha akafanya hivyohivyo kwa gitaa la Dada na la Shemeji, moja baada ya jingine, kwa macho, na kila moja akalirudisha kwa mwenyewe bila kusema neno.

"Haya," alisema. "Wimbo wa kuanzia."

Wakaanza. Uzi wa kwanza ulimkwaruza tangu mwanzo, kila alipoupitia ulimwambia umekosea, umekosea, na hakuna kitu alichotaka kama kusimamisha wimbo na kuukaza mahali pake. Akainua uso. Mbele yake Dada alikuwa amefumba macho. Seremala akautazama uso ule, akaendelea kupiga.