Tone Moja Begani mwa Jemedari

Wiki nzima kabla ya pambano, fundi mkuu wa kikosi cha brashi hakugusa brashi. Alikuwa na kazi nzito zaidi: kutazama video za watu wazima wakipigana kwa bunduki za vidonge vya rangi vichakani. Kabla wiki haijaisha akajipa cheo cha Jemedari. Mafundi wake wakamwita hivyo bila ubishi, naye akadhani ni heshima.

Vita vyenyewe aliviwasha mama mmoja mwenye jengo. Alikuwa na ghorofa jipya linalosubiri rangi, na mafundi wawili waliomletea bei zinazolingana. Mtu mwingine angekwenda kutazama kuta walizowahi kupaka. Yeye alikuwa ametoka kwenye semina ya uongozi, na semina ni kama homa, haimtoki mtu upesi. Huko alifundishwa kwamba tabia ya mtu huonekana anaposhambuliwa. Basi akakodi uwanja wa bunduki za rangi, akaita vikosi vyote viwili na kutangaza kwamba kitakachonyakua bendera ya mwenzake ndicho kitakachopaka jengo. Kuta hazikuulizwa.

Kikosi cha pili kilikuwa cha Kompresa. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Jemedari, akafundishwa brashi hata namna ya kuiosha, kisha akanunua mashine ya kupulizia rangi na kuondoka na wateja kama mtu anayeondoka na kofia yake. Tangu hapo Jemedari alikuwa bingwa wa mageti na vyoo vya uani. Alibakiwa na mafundi wawili. Wa kwanza ni Turubai, mtandikaji wa sakafu, ambaye kwa ukubwa wa mwili angeweza kufunika chumba bila kutandika chochote. Wa pili ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wote wawili walishaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama Kompresa anaajiri. Jemedari alisikia. Alijua jengo likimponyoka, na wao watafuata.

Asubuhi ya pambano mwamuzi, dada mwenye filimbi shingoni, aliwasimamisha wote na kuanza kueleza sheria. Wakati huo huo Jemedari aliwavuta watu wake kando, akaanza kueleza ushindi. Akawaambia wasichungulie kwa juu ya kizuizi bali kwa ubavuni. Wasitokeze kichwa mahali pale pale mara mbili. Wapeane habari kwa sauti, wasipoteze vidonge kwa adui aliye mbali, na zaidi ya yote wawe na moyo baridi, kwani anayeshindwa huanza kushindwa kichwani.

"Mkiingia chumbani mnaanza kupaka wapi?" akauliza.

"Konani," akajibu Turubai.

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Tunaanza pembeni. Katikati itajileta yenyewe."

Tuseme haki: yalikuwa mawaidha mazuri. Kasoro yake ni kwamba yalitolewa mwamuzi alipokuwa akisema kuwa rangi iliyopasukia kwenye kitu kingine ikakurukia haihesabiki, unanyoosha mkono tu ukakaguliwe. Na kwamba anayejifuta rangi ni mdanganyifu. Anatoka, na mwenzake mmoja anatoka naye.

"Shemeji, hebu tuyasikilize na haya," akanong'ona shemeji.

Jemedari akamwambia kwamba sheria ni za wasio na mbinu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Hawakusema mkuu mwenyewe asiposikia huvunjika nini.

Filimbi ikalia. Watu wa Kompresa walipiga kama wanavyopaka: walifungulia. Hewa ikapata mkono wa kwanza wa rangi na wa pili, miti ikapata wa tatu. Turubai alitoka mapema, kwa kuwa pipa lilimficha kiuno tu na kwingine kote akamwachia Mungu, lakini hata kushambuliwa kwake kulikuwa na faida, maana walimmalizia vidonge kwa furaha ya kukosa kukosa. Wenzake walikuwa wakitambaa pembeni, Jemedari kulia, shemeji kushoto, wakiitana na kupokezana kama watu wanaopaka ukuta mmoja. Mpuliziaji mmoja akaomba nyongeza ya vidonge, shemeji akampa cha mgongoni. Wa pili akachungulia kwa juu ya kizuizi. Jemedari akamtia nukta ya kijani katikati ya kinyago.

Akabaki Kompresa peke yake nyuma ya ubao, na kidonge kimoja. Shemeji alikuwa amefika kwenye tairi la mwisho. Bendera ilikuwa ya kunyoosha mkono. Hata mama mwenye jengo alisimama kwenye kiti chake.

Kompresa akapiga. Kidonge kikapasukia kwenye pipa la Jemedari, na tone moja la rangi ya chungwa likamrukia begani. Lilitulia kidogo. Kisha likaanza kuteremka.

Moyo ulikuwa baridi kama alivyoagiza, lakini mkono haukuhudhuria mafunzo. Ulichomoa kitambaa kutoka mfuko wa nyuma, ukafuta tone lile juu kwenda chini, bila kuacha alama. Jemedari akatazama kazi yake, akaridhika, akaanza kufuta na pipa.

Filimbi ikalia. Mwamuzi akamtoa yeye, akamtoa na shemeji, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeshagusa kitambaa cha bendera. Kompresa akavuka uwanja akitembea, kama anayekwenda kuanua nguo, akachukua bendera yao. Mama mwenye jengo akampa mkono na jengo.

Shemeji alivua kinyago taratibu.

"Umepigana vizuri, shemeji," akasema. "Adui mwenyewe asingekuweza. Ilibidi ujitafutie mtu wa saizi yako."

Jemedari akakunja kitambaa chake, akakirudisha mfukoni. Ndipo Kompresa akaja, amevua kofia kama zamani.

"Fundi, mashine yangu haijui fremu za madirisha wala kona. Ukitaka, zote ni zako."

Jemedari akafumbua mdomo kusema kwamba heri vyoo vya uani. Akawatazama watu wake. Wote wawili walikuwa wamesimama karibu na Kompresa kuliko karibu naye. Akaufumba.

"Tunaanza lini?" akauliza.

Wakaanza pembeni. Wapuliziaji walimaliza sehemu zao mapema, wakalala kivulini, na nyuma yao kuta zikaanza kutiririka matone. Jemedari akapita na kitambaa chake, chumba kwa chumba, akifuta matone ya mwanafunzi wake. Safari hii hakuna aliyempulizia filimbi.