Maini ya Suluhu

Nimewahi kumwonea wivu mwanamke mwenye redio kaseti, nikamwonea mwenye mume mpole, hata mwenye nywele ndefu. Lakini kumwonea wivu mwanamke mwenye jicho lililovimba kama andazi? Hilo nililianza kwa Joha.

Tulipanga nyumba moja Chang'ombe, ua mmoja, bomba moja. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza kitu. Mimi niliuza mitumba ya watoto, na mume wangu Gerson alikuwa utingo wa lori la mahindi. Joha alikuwa mgeni, mumewe karani. Siku karani alipompiga, mara moja tu jamani, mara moja! asubuhi yake wakafika wanawake wawili wa kikundi cha kuwasaidia wanaopigwa. Mmoja mama Anjelina, nesi mstaafu. Mwingine Lydia, mwanasheria kijana, sketi imenyooshwa ikanyooka. Wakampeleka polisi kuchukua fomu ya PF3, wakampeleka hospitali, wakamrudisha na uji kwenye chupa ya chai. Mama Anjelina akakaa naye kitandani, kamshika mkono kama amemzaa.

Mimi nilikuwa uani nafua. Nilisugua shati la Gerson mpaka kola ikataka kutoka. Mkono wangu huu wa kushoto haunyooki mpaka leo. Nilipovunjwa, majirani waliongeza sauti ya redio. Nani alinishika mkono? Nani alinichemshia japo maji?

"Wenzetu mna bahati," nikamtupia Joha alipopita kwenda chooni. Akanitazama kwa lile jicho moja, asijue acheke au alie.

Wivu ukaninyima raha. Kila Alhamisi Joha anajifunga khanga safi, anakwenda kwa wale wanawake, chumba cha nyuma ya ukumbi wa kanisa, anarudi shingo juu. Karani naye siku hizi anapiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe! Nikasema hapana. Alhamisi moja nikaacha mitumba yangu kwenye jamvi, nikamfuata mama Anjelina mlangoni pa chumba kile.

"Shikamoo mama. Hivi mimi mnanionaje? Ukuta? Mtu kapigwa mara moja mnamletea uji, mimi napigwa miaka nenda rudi hamnijui?"

"Marahaba. Wewe si Evelina?" akasema. "Tulikuja kwako, mwanangu, ulipovunjwa mkono. Tukaambiwa umekwenda kwenu, tukakufuata mpaka kijijini. Kaka yako Yotham akatuambia yamekwisha, umeshakula maini. Tukaomba kukuona, akasema kuyafufua ni mwiko."

Katika ukoo wetu mwanamke akipigwa hukimbilia kwa kaka zake, na mume hufuata na mbuzi. Mbuzi huchinjwa, maini huchomwa, na mke ndiye anayeyaonja wa kwanza mbele ya watu wote. Akishameza, yamekwisha, na hakuna ruhusa ya kuyataja tena. Nami nilimeza kila mara. Kaka zangu wakala nyama, mimi nikarudi na mume. Kumbe hata waliokuja kuniuliza habari nilikuwa nimekwisha kuwajibu kwa meno yangu.

"Na sisi tulikosea," mama Anjelina akasema. "Tulipaswa tukusikie wewe, siyo kaka yako. Siku utakayosema hayajaisha, tutakuja popote ulipo. Mahakamani Lydia atasimama nawe, na mimi nitakaa benchi la nyuma."

Haikupita wiki, Gerson akarudi safari na pombe zake, akanipasua mdomo. Safari hii mtu aligonga mlango. Alikuwa Joha, ameshika mchi, anapiga kelele mpaka Gerson akaniachia. Mnajua nilifikiri nini, damu inanichuruzika? Kwamba hata ushujaa kapewa yeye. Lakini nilimwambia, "Kamwambie mama Anjelina nitakuwa kwetu." Nilikwenda kijijini kwa makusudi. Nilitaka nikaseme palepale nilipokuwa namezea.

Gerson akafuata na beberu mweupe, kainamisha kichwa, mpole kama katekista. Beberu akachinjwa. Tabu, mke wa kaka Yotham, akaleta maini kwenye sahani ya bati. Kilemba alikuwa amekishusha mpaka kwenye nyusi, na sababu naijua, kwa maana Yotham naye si mtu. Watu wote wakanitazama.

"Kula, dada," Yotham akasema. "Watu wana njaa."

Nikachukua kipande. Kilinukia vizuri, nisiseme uongo, na tangu jana sikuwa nimekula. Nikakirudisha, nikaisukuma sahani mpaka kwenye magoti ya Gerson.

"Kula wewe. Wewe ndiye unayetaka yaishe. Kwangu hayajaisha."

"Umerogwa?" Yotham akaruka. "Mbuzi keshachinjwa!"

"Basi mfufueni."

Mjomba mmoja alicheka akajifanya anakohoa. Yotham hakucheka. "Ukitoka hapa bila kumeza," akasema, "huna kaka."

Hilo liliniuma kuliko mdomo. Nani asiyetaka kuwa na kwao? Nikaitazama sahani, nikautazama mkono wangu wa kushoto, nikainuka. Hakuna aliyegusa nyama, maana bila mke kuonja hairuhusiwi, na ikapoa pale pale mbele yao.

Mchana wakafika kwa miguu kutoka barabarani, mama Anjelina, Lydia na sketi yake yenye vumbi, na Joha na chupa yake. Mama Anjelina hakumwuliza Yotham neno. Alinijia mimi moja kwa moja, akaniuliza mimi, akanishika mkono. Joha akanimiminia uji. Nililia, sioni haya kusema.

Tabu alikuwa nyuma ya nyumba ananifungia nguo zangu kwenye khanga. Nilipomfuata, akanitazama, kisha akawachungulia wale wanawake wanaoningoja. Kilemba kimepanda kidogo, na chini yake ngozi imekuwa nyeusi.

"Wenzetu mna bahati," akasema.

Sauti ile naijua, ni yangu. Nikanywa funda moja, nikampa kikombe.

"Alhamisi," nikamwambia, "Chang'ombe, nyuma ya ukumbi wa kanisa. Na Yotham akikufuata kwenu na mbuzi, wifi, usimeze."