Neno Lililokatwa kwa Rula

Mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi na tisa, halafu kazi yenyewe ifutwe na mstari mmoja wa karatasi. Mimi najua, maana ilinipata nikiwa nimesimama kibarazani mwa duka la uchapaji mjini Bungoma, nimekumbatia bunda la programu za mazishi ya baba yangu, wino bado unanuka.

Nilikuwa nimetumwa kuzichukua tu. Mazishi yalikuwa kesho yake, nyumbani kwetu Ndalu. Nikafungua ya juu nione picha ya Baba imetokaje, nikajikuta kwenye ukurasa wa watoto. Kwetu huo ndio ukurasa unaosomwa kabla ya yote, hata kabla ya nyimbo. Nani ameajiriwa wapi, nani yuko ng'ambo, nani alibaki nyumbani. Kuna watu huja matangani na miwani kwa ajili ya ukurasa huo peke yake.

Hesbon Mukhisa, Mshauri wa Maendeleo, Bungoma. Phelista Mukhisa, Karani, Serikali ya Kaunti. Peris Mukhisa, Mfanyabiashara, Kitale.

Mfanyabiashara. Nauza nini mimi? Nyanya? Mitumba? Mimi ni fundi wa mashine za kupukuchua mahindi. Nina karakana yangu Kitale, mabati juu na grisi chini, na jina langu limepakwa mlangoni kwa herufi ambazo hata asiye na miwani anazisoma. Mavuno yakianza, kuanzia Tongaren mpaka miteremko ya Elgon, simu yangu hailali. Mashine ikinguruma shambani, mimi nikiwa bado barabarani nasikia kama ni beringi imekufa au ni mkanda umelegea. Nimewafundisha kazi wasichana watatu, na wawili kati yao sasa wana karakana zao. Sijisifu. Hii ndiyo kazi yangu, na nimeijua kwa kuumia. Kidole hiki cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ukucha.

Nikampigia simu Hesbon. Yeye ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nikamuuliza nani amenipa kazi mpya bila kunihoji. Akaniomba nisianze mambo. Akasema kutakuja walimu wakuu wastaafu na watu wa elimu kutoka Bungoma, na kwamba fundi ni neno la... Hakulimalizia.

Na mshauri wa maendeleo ni nani? Anamshauri nani? Hesbon ana shahada ya chuo kikuu na miaka kumi na mmoja ya kubeba bahasha ofisi hadi ofisi. Kwa hilo simcheki, nchi haijamtendea haki. Lakini mtu anayekula ugali wa mahindi niliyoyapukuchua mimi aniambie kazi yangu haiwezi kutajwa mbele za watu! Nilikata simu kabla sijamtukana mbele ya mwenye duka.

Nilifika Ndalu alasiri. Hema lilikuwa limeshasimama uani na Hesbon alikuwa akiwaelekeza watu mahali pa kupanga viti. Sikumsalimu. Nilimwambia programu hizi hazitagawiwa mtu yeyote. Tukabishana pale pale mbele ya shangazi zetu waliokuwa wakichambua mboga, yeye akisema nisimwaibishe Baba, mimi nikimjibu kwamba aliyemwaibisha ni yeye na cheo chake cha kubuni. Nilimwita mwongo. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa.

Hesbon hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na daftari la mazoezi lenye jalada la buluu.

"Si mimi niliandika," akasema. "Ni Mzee mwenyewe. Ona."

Baba alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na kama walimu wengi wa rika lake, hakuamini kwamba mtu mwingine anaweza kumwandikia chochote bila makosa. Alipoanza kuugua alijiandikia wasifu wake wote, kuanzia kuzaliwa mpaka orodha ya watoto. Akaacha nafasi ya tarehe moja tu. Mwandiko ulikuwa ule ule wa ubaoni, umelala kidogo upande wa kulia. Nikateremka na kidole mpaka nikafika kwenye jina langu.

Peris. Mbele yake palikuwa na neno fundi, na lilikuwa limekatwa. Halikukatwa kwa haraka, na mkono haukuteleza. Alitumia rula, mstari mmoja ulionyooka, jinsi alivyokuwa akitukatia makosa kwenye madaftari yetu. Juu yake, kwa wino mwekundu, akaandika Mfanyabiashara.

Nilitaka awe hai dakika tano tu nimuulize. Nilipokuwa darasa la sita, yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa hesabu, na kila mtihani ukikaribia alituambia kwamba atakayezembea ataishia kushika spana. Nilikuwa nimekaa dawati la tatu. Nilipomaliza shule nikaenda Kitale kujifunza kazi kwa Mzee Kipketer, Baba hakuongea nami miezi saba. Siku aliyonipigia hatimaye hakuniuliza hali. Alisema kinu cha soko la Ndalu kimekufa na watu hawana unga, je, naweza kukitengeneza? Nilikuja nikakitengeneza.

Tangu siku hiyo, kila Novemba alinipigia yeye mwenyewe. Fundi, njoo, mvua itanikuta na mahindi nje. Hivyo ndivyo alivyoniita shambani kwake, Fundi, na majirani walimsikia. Nilikuja na mashine nikapukuchua, na yeye akasimama kando ya lundo la magunzi na kofia yake, amefurahi mpaka anasahau chai. Halafu mwaka mmoja nikampitia kwenye mkutano wa walimu wastaafu Bungoma, nikiwa na ovaroli kwa sababu nilitoka kazini moja kwa moja. Aliwaambia wenzake ati binti yangu huyu ametoka kidogo shambani. Nilijiambia uzee umemfika. Kumbe haukuwa uzee, alikuwa anasahihisha.

Nikamrudishia Hesbon daftari. Hasira yangu yote ilikuwa imebaki bila mtu wa kubebeshwa. Aliyestahili kuibeba alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza.

Asubuhi yake niliamka na neno lile lile. Wageni hawakuwa wameanza kuingia. Nikaenda kwenye chumba alichokuwa akisomea, nikakaa kwenye kiti chake. Mezani kulikuwa na kopo la maziwa lililojaa biro, na ile rula ya mbao ya futi moja ambayo wengi wetu tunaikumbuka viganjani. Nikachagua biro nyekundu, nikavuta bunda la programu. Zilikuwa mia tatu. Nikaweka rula juu ya Mfanyabiashara, nikapiga mstari, nikaandika juu yake Fundi. Nikachukua nyingine. Mwandiko wangu si wa kujivunia, na grisi ya kwenye mistari ya vidole haitoki hata kwa sabuni ya mche, kwa hiyo karatasi nyingine zilibaki na alama zangu pembeni. Sikujali.

Nilikuwa nimefika kama ya arobaini hivi Mama alipoingia. Nilingoja anikataze. Alitazama karatasi, akatazama rula, akavuta kile kistuli alichokuwa akikalia alipomletea Baba chai.

"Mimi nilimwambia asikate," akasema. "Nilimwambia, huyu mtoto ni fundi na wewe unajua. Akasema ati walimu wenzake watacheka."

"Na wewe ukasema nini, Mama?"

"Nikasema wacheke. Lakini rula ilikuwa kwake."

Akanyoosha mkono, nikampa rula. Mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini kupiga mstari hakuhitaji cheti. Yeye akawa anakata, mimi naandika. Tulifanya hivyo karatasi baada ya karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu Baba afariki nililia, nikilia kwa kukasirika, na Mama hakuniambia ninyamaze.

Hesbon alitokea mlangoni akiwa na suti yake nyeusi. Akaona rangi nyekundu, akachukua moja, akaisoma kuanzia juu. Najua alichokuwa akitafuta.

"Na yangu?" akauliza.

"Yako sijaigusa," nikamwambia. "Utasimama nayo mwenyewe."

Akaibakiza mkononi, akatoka.

Aliyesoma wasifu ni Everlyne, katibu wa kanisa letu. Kwetu kila mtoto akitajwa husimama ili watu wamwone. Hesbon alipoitwa Mshauri wa Maendeleo alisimama, akatazama viatu vyake, akaketi upesi. Phelista akasimama, akaketi. Kisha Everlyne akasema Peris Mukhisa, akakwama kidogo, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Fundi, Kitale."

Kwenye safu ya walimu wastaafu mama mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama. Hakuna aliyecheka. Kutoka nyuma kabisa, walikoketi wakulima, nikasikia sauti ya mzee mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyo anamjua, amemtengenezea mashine misimu sita.

Nikasimama. Nilisimama muda mrefu kuliko ndugu zangu, mpaka Everlyne akasita kuendelea. Nilikuwa natazama jeneza. Hasira haikuwa imeniisha, na mpaka leo haijaniisha. Nilitaka tu asikie likisomwa lile neno aliloliandika kwanza.