Bwana Kengele

Upo uchovu unaoisha kwa kulala, lakini wa mhariri haukuwa huo. Wake ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na siku hizi uliamka kabla yake. Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mjane mwenye magoti mabovu, na waliopita mikononi mwake walimwita Kalamu Nyekundu, japo si mbele ya macho yake. Kila siku alijikunja katika chumba cha nyuma cha kiwanda kidogo cha uchapaji, chini ya feni iliyozunguka kwa kununa, akimalizia kitabu kimoja cha historia kilichoandikwa na walimu wa nchi sita kwa ajili ya watoto wa nchi sita.

Wazo lilikuwa lake, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu. Alikuwa amechoka kufundisha vitabu vilivyoandikwa na watu wa mbali, na vile vya nyumbani navyo vilimchosha, maana kila nchi ilijipamba kama bi harusi na kuwasahau jirani zake. Watoto wetu watajuanaje kuwa ni ndugu, alikuwa akiuliza kwenye mikutano, ikiwa hata mabaya tuliyotendeana hatuwaambii? Akaweka kanuni mbili. Ya kwanza, mwalimu haandiki habari za nchi yake. Jirani ndiye atakayemwandikia. Ya pili, anayeandikwa hana ruhusa ya kufuta, ila akijua zaidi ya kilichoandikwa, na ushahidi anao, ni lazima auongeze.

Kanuni hizo zilimkosesha rafiki. Mwaka wa nne, mwalimu mmoja waliyesoma naye chuo, wakala sahani moja miaka miwili, alimwomba jina la babu yake litolewe. Babu huyo alikuwa chifu aliyewatoa watu wake kwenda kulima mashamba ya wageni kwa lazima. Iandikwe tu "chifu mmoja", aliomba. Mhariri alimjibu kwa mstari mmoja: kitabu hiki si cha kuoshea koo zetu. Rafiki akajitoa, na hata mume wa mhariri alipofariki hakutuma pole. Mhariri alimeza machungu, akaendelea na kazi.

Sura ya mwisho ilifika Jumatatu, kutoka kwa mwalimu wa ng'ambo ya mpaka ambaye wote walimwita Jirani. Ilihusu watu wa nchi ya mhariri waliokwenda ng'ambo hiyo kusimamia barabara kuu iliyojengwa kwa kazi ya lazima. Mhariri aliisoma mara ya kwanza akitengeneza alama za uandishi. Mara ya pili akaiweka kalamu chini.

"Msimamizi alitoka upande wa pili wa mpaka," Jirani alikuwa ameandika. "Alfajiri alipiga kengele ya shaba yenye mpini uliofungwa waya. Wa mwisho kufika mstarini alichapwa viboko mbele ya wenzake. Wazee watatu wanamkumbuka kwa jina la Bwana Kengele. Jina lake halisi halijulikani."

Kengele ya shaba yenye mpini uliofungwa waya ilikuwa nyumbani kwa mhariri, juu ya kabati la jikoni. Walipokuwa wadogo baba yao aliipiga kuwaita kula, huku akicheka, na wa mwisho kufika mezani aliambulia shingo ya kuku. Walikimbizana mpaka wakaanguka, yeye na kaka yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja mhariri akatamani kitabu kiungue.

Alimpigia Jirani simu.

"Wale wazee wako, hawakutia chumvi?"

"Mmoja alivua shati akanionyesha mgongo, dada. Unataka nipunguze?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Au jina umelipata?"

"Nitaangalia," alisema, akakata simu upesi.

Jumatano alikwenda kwa kaka yake mkubwa, fundi saa mstaafu. Sebuleni kwake, ukutani juu ya redio, palikuwa na barua ndani ya fremu. Wakubwa wa barabara walimwandikia baba yao kumsifu kwa "kuwaweka vibarua katika nidhamu". Jina lake lilikuwamo, na mwaka, na kipande cha barabara alichosimamia. Mhariri hakuhitaji kuisogelea. Baba yake alimfundisha kusoma kwa barua hiyo, kidole juu ya kila neno, kabla hajaanza shule.

Alimweleza kaka yake yote. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akaitoa barua ukutani na kuilaza mapajani, kifudifudi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tatizo liko wapi? Wameandika halijulikani. Liache lisijulikane."

"Kaka, kanuni niliiweka mimi."

"Na karo yako aliilipa nani?" Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. "Kwa kazi ile ile ndiyo ukasoma, ukawa mwalimu, leo unamhukumu. Wajukuu zangu watakisoma hicho kitabu darasani. Jina ni lao pia."

"Najua."

"Ukiliandika, mdogo wangu, usikanyage tena hapa."

Mhariri aliinuka kuondoka. Alimpenda baba yake, na bado anampenda. Hilo ndilo lililomchosha kuliko magoti, feni na miaka yote kumi na mmoja. Alirudi kwake kwa miguu, akasimama njiani mara mbili kupumua.

Ijumaa asubuhi alimkabidhi mpiga chapa kurasa za mwisho. Mpiga chapa, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alizipanga, akatoa karatasi ya majaribio na kuisoma taratibu kama kawaida yake. Alipofika sura ya barabara akaenda kulitazama jalada, akarudi.

"Mama, nadhani nimechanganya. Hapa kwa huyu msimamizi limeingia jina la ukoo wako, lile la kwenye jalada."

"Hujachanganya. Soma chini ya ukurasa."

Mpiga chapa alisoma maandishi madogo, midomo ikicheza: "Ushahidi: barua ya sifa, iliyo nyumbani kwa mwana wa msimamizi; na kengele, iliyo nyumbani kwa binti yake, mhariri wa kitabu hiki."

Alimtazama, akavuta kiti na kumsogezea. Mhariri akakaa.

"Niwashe mashine?"

"Washa. Ila hiyo karatasi ya majaribio nipe."

Aliikunja mara mbili, akaitia katika bahasha, na juu yake akaandika anwani ya yule rafiki waliyesoma naye chuo. Mkono haukuwa umeisahau.

"Huweki hata barua?" mpiga chapa aliuliza.

"Nilishamwandikia," alisema mhariri. "Mstari mmoja, miaka saba iliyopita. Leo nami nimejijibu kwa mstari ule ule."