Mkono wa Annelies

Kaka yangu Melk alikuwa na konde la nyasi alilolipenda kuliko ng'ombe wake wote, lile la chini ya mlima, lenye chemchemi. Hapo ndipo wataalamu walipotaka kuchimba njia ya kushukia mwambani, wakazike taka za nyuklia za nchi nzima. Kijiji kikikubali, konde linakwenda. Kikikataa, wanakunja ramani zao na kubisha hodi kwingine.

Jioni ya mkutano tulijazana katika ukumbi wa mazoezi wa shule, unaonuka raba na jasho la watoto. Melk na mkewe Annelies walikaa mbele yangu. Sisi huku hupiga kura kwa kunyoosha mkono, kila mtu akimwona mwenzake, na kesho yake tunakutana kupeleka maziwa. Lakini watu wa kutosha wakiomba, hupigwa kura ya siri.

Mwalimu Furrer, mtu wa kuchunga maneno, aliinuka kuomba siri. "Jambo hili zito, jamani. Tusije tukanuniana mpaka Krismasi."

Melk aliruka juu hata mwenyekiti hajafungua mdomo. "Siri ya nini? Anayetaka konde langu anyooshe mkono nimwone! Au mnaniogopa?"

Wengine walicheka, wengine wakatazama viatu vyao. Nani angeunga mkono siri baada ya hapo? Ombi likafa. Nilimfinya kaka yangu bega kumpongeza. Kiburi hicho tumezaliwa nacho tumbo moja.

"Wanaokubali," akasema mwenyekiti Zumbühl.

Mikono ikapanda, mingi kuliko nilivyodhani. Halafu, mbele yangu kabisa, ukapanda mkono wa kulia wenye sweta ya kijani niliyoifuma mwenyewe. Wa Annelies.

Damu ilinichemka. "Wifi, umechanganyikiwa? Wameuliza wanaokubali!"

"Nimesikia, wifi." Hakugeuka.

Melk alimtazama. "Annelies, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie mara ngapi? Kila nikianza unakimbilia zizini." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuyumba. "Umeme tumewasha sote, Melk. Uchafu wake tumpelekee nani?"

"Na konde?"

"Hata mimi nalipenda."

Wahesabu kura walinong'onezana. Hesabu zao hazikulingana. Zumbühl akagonga meza. "Mikono ibaki juu, tunarudia. Ukishuka hauhesabiwi. Na mtu asibadili mkono, mtatuchanganya."

Hapo nilifurahi, Mungu anisamehe. Bega la mkono huo wa Annelies liliteguka fahali alipombana mlangoni, na tangu siku hiyo hata kuanika shuka humuuma. Mhesabu alianzia nyuma, polepole. Mkono wa kijani ukaanza kutetemeka, ukashuka hadi usawa wa sikio. Ushushe, nikaomba moyoni, ushushe tu.

Melk alikuwa akiona yote. Kisha akaingiza kiganja chake kikubwa chini ya kiwiko cha mkewe, akakiinua, akakishikilia pale.

"Wewe! Unafanya nini?" nikamnong'oneza. "Konde lako hilo linakwenda!"

"Bega linamuuma," akasema.

Mhesabu alifika safu yao, akasita, akauliza mkono ule ni wa nani.

"Wa mke wangu," akajibu Melk. "Wangu ni huu wa chini, usiuhesabu."

Waliokubali walishinda kwa kura moja, na kijiji kizima kinajua ni ipi. Mimi ndiye niliyenuna mpaka Krismasi. Melk aliamka asubuhi yake akaenda kufyeka konde kama kawaida, kwa kuwa nyasi zilikuwa tayari, na Annelies akamfuata na reki, akikusanya kwa mkono wa kushoto.