Mlima Hanang Kwenye Skrini

Marieta, mpima ardhi wa Katesh, alitaka prosesa mpya ya kompyuta iliyotangazwa mwezi uliopita, yenye kore kumi na sita, yaani viini vinavyogawana kazi. Bosi wake, Mzee Baltazar, alisita.

"Hii ya zamani bado inafanya kazi, binti yangu."

Fundi akawaletea kompyuta yenye prosesa hiyo waijaribu. Marieta akaipa picha elfu tatu za Mlima Hanang zilizopigwa na droni. Kompyuta yao ingezihangaikia siku mbili. Hii iliziunganisha kabla hawajamaliza chai.

Mlima mzima ukasimama kwenye skrini. Marieta akaugeuza taratibu. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimezaliwa Endasak, chini yake," akasema polepole. "Kumbe kule juu kuna shimo kubwa hivi."

Akamgeukia Marieta, akamwambia aagize prosesa hiyo.